Kesi ya Gemu ya Ghostbusters

Majarida ya gemu tuliyokuwa tukiyasoma London miaka ile hayakuwa na huruma. Zzap!64 lilitoa asilimia kwa kila kitu, picha kivyake, sauti kivyake, na gemu mbovu ilianikwa hadharani. Binamu yangu aliyarundika chini ya kitanda, nasi tukaambukizwa ule uhakimu. Gemu zilikuja kwenye kanda, na kila kanda iliyoingia nyumbani kwa shangazi ilifunguliwa kesi. Na hukumu haikuwa ya mchezo, maana mwenye meza mmoja katika soko la Walthamstow alikuwa akipokea kanda ya zamani na kukupa nyingine kwa nyongeza kidogo. Gemu ikishindwa kesi, Jumamosi inarudi sokoni.

Kesi iliyopata kunguruma kuliko zote ni ya Ghostbusters, kiangazi cha 1986. Filamu yenyewe, ya Ivan Reitman, ilitoka 1984, na sisi tulikuwa nayo kwenye kanda ya video. Binamu aliijua neno kwa neno, hadi mahali pa kupumua. Gemu nayo ilitoka mwaka huohuo, kazi ya David Crane wa kampuni ya Activision, yule aliyetengeneza gemu ya Pitfall!. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba alikuwa na muda wa kama wiki sita tu, akaokolewa na gemu ya magari aliyokuwa ameianza akaiacha njiani. Akaichukua, akaivisha nguo za filamu. Laiti binamu angelijua hilo siku ile! Angeanza nalo.

Tukaipakia kwenye kompyuta yetu, Commodore 64, kanda ikazunguka weee, hatimaye ukatokea wimbo wa filamu, ule wa Ray Parker Jr. Maneno yake yanapita chini ya kioo na kijipira kinarukaruka juu yake ili uimbe nayo. Ukibonyeza ule mwambaa mrefu wa kibodi, mashine inapiga kelele yenyewe: "Ghostbusters!" Kompyuta kuongea, 1986, chumbani! Tulibonyeza mpaka shangazi akaiacha cherehani yake akaja kuuliza ni nani huyo tuliyemwingiza ndani.

"Ni gemu, Mama. Hawa jamaa wanakamata mizuka kwa malipo."

"Waganga wa kupunga, basi. Na gari wanalo?"

Akavuta kiti, akakaa. Hivyo ndivyo tulivyompata hakimu.

Binamu akasoma mashitaka. Filamu ina watu, gemu haina. Yuko wapi mwigizaji Bill Murray na mdomo wake? Yuko wapi yule bibi mzuka wa maktaba? Wanaume wenyewe ni vidoa vitatu vilivyovaa sare. Unaoneshwa ramani ya New York, jengo linawaka jekundu, unaendesha gari linaloonekana kwa juu, unafika, unawapanga watu wawili, mtego unauweka katikati. Wanawasha miale, unamsogeza mzuka juu ya mtego, unaubana, na ole wako miale ikikutana. Ukimkosa, anakushukia na uteute wake na mtu mmoja anatoka kazini. Kisha jengo jingine, mzuka uleule wa kijani.

"Hii ni kazi," akasema. "Hadithi iko wapi?"

Mimi nilikuwa wakili wa utetezi, na hoja yangu ilikuwa hiyohiyo aliyoileta yeye kama kosa. Ni kazi, ndiyo. Filamu ile, ukiyaondoa majini, inahusu watu waliofukuzwa chuo kikuu wakafungua biashara. Mmoja anaweka rehani nyumba ya wazazi wake ili wapate mtaji. Wakimkamata mzuka wao wa kwanza pale hotelini, wanamwandikia meneja bili ya dola 5,000. Na gemu inaanzaje? Unaandika jina lako, unaulizwa kama una akaunti, ukisema huna, benki inakukopesha dola 10,000 na kukuambia uzitumie kwa busara. Halafu unapelekwa dukani.

Hapo shangazi akasogeza kiti mbele. Alisomewa bei zote. Gari dogo dola 2,000, la kubebea maiti 4,800, lile kubwa la familia 6,000, la mbio 15,000, ambalo kwa mkopo ule ni la kutazama tu. Mtego 600, chambo 400, mashine ya kufyonza mizuka barabarani 500. Binamu, mtu wa filamu, akataka la maiti, kwa kuwa ndilo la kwenye filamu. Shangazi akataka dogo.

"Mtaji wa kukopa, unanunua jeneza la magurudumu?"

"Dogo halibebi vitu vingi, Shangazi, na haliendi kasi," nikamwambia.

"Litakwenda. Deni halikimbii."

Ndipo nikaomba kumwita shahidi. Nikaiweka kanda ya video, nikaipeleka mbele hadi pale Ray, mmoja wa wakamata mizuka, anapoleta gari bovu lililohitaji kutengenezwa karibu kila kitu, na anapoulizwa bei anajibu: dola 4,800. Bei ileile! Binamu alikuwa ameisikia mara zisizo na idadi, na hakuwahi kuiweka kando ya ile ya dukani kwenye gemu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema namba moja haifanyi gemu. Kweli haifanyi. Lakini ilinionesha kwamba aliyeitengeneza aliitazama filamu kwa jicho la mhasibu, na mpaka leo sijaona njia bora ya kuigeuza filamu kuwa gemu. Miaka iliyofuata gemu nyingi za filamu zilikuwa mtu anayekimbia kulia akipiga risasi, mhusika anabadilishwa sura tu.

Tukanunua la shangazi. Tukacheza naye jioni nzima, yeye akiamua, mimi nikishika jostiki. Alikasirika kweli Stay Puft, lile jitu la peremende laini, alipotukuta hatukubonyeza B kumwaga chambo, akakanyaga jengo na jiji likatutoza dola 4,000. Mara ya pili tulimwahi, meya akatupa zawadi ya 2,000, na shangazi akasema huyo meya anafaa kuliko wetu.

Utetezi wangu ulipwaya mwishoni. Ukifika lango la Zuul, hekalu la mizuka la mwisho wa gemu, na fedha zaidi ya ulizokopeshwa, unatakiwa kuwapitisha watu wawili kati ya watatu chini ya miguu ya Stay Puft anayerukaruka, na hapo hesabu zako zote za jioni hazikusaidii. Ni bahati na vidole. Nilikata alama kumi kwa ajili ya lango lile, na ningezikata leo.

Tulipopita, gemu ikatoa namba ya akaunti ili safari ijayo uanze na faida yako. Namba inakwenda na jina, na jina tuliloandika lilikuwa la shangazi, kwa hiyo fedha zikawa zake kisheria. Akainakili kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya kiuno cha mmoja na mabega ya mwingine.

Binamu aliandika asilimia 58, mimi 81. Shangazi alikataa mambo ya asilimia, akatoa amri moja tu: kanda isitoke nyumbani. Jumamosi binamu alipeleka sokoni gemu yangu ya mpira.