Chapati za mama, mikono ya kaka

Nyie mnaokula dagaa wa Kigoma huko Dar sijui kama mnajua wamepita mikononi mwa watu wangapi. Pale Kibirizi, mwaloni kwetu Kigoma, kila mtu ana kipande chake cha kazi na havuki. Kuna mwenye chombo, huyu hata majini haendi, anasubiri hesabu nyumbani. Kuna nahodha, kuna wavuta nyavu, kuna vijana wa kushusha mzigo, wote wanaume. Mzigo ukishagusa mchanga unakuwa wa wanawake, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, kukimbia na turubai mvua ikianza. Kaka yangu kavua miaka 11 na ukimuuliza ndoo moja ya wabichi inatoa wakavu kiasi gani hajui. Mama anajua, ila mama hajawahi kupanda chombo cha uvuvi hata siku moja, baba mdogo anasema mwanamke akikanyaga humo dagaa wanakimbia (sa hao dagaa wanamuonaje gizani mi sijui).

Basi 2024 ziwa likafungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane, makubaliano ya nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika. Sisi tumezoea mapumziko ya mbalamwezi, zile siku mwezi unawaka sana taa za kuvutia dagaa hazisaidii kitu, wanaume wanashona nyavu wanalala. Siku chache tu. Hii miezi mitatu! Wiki ya kwanza kaka akashinda kijiweni, ya pili hivyohivyo, ya tatu akawa anagombana na kila mtu mpaka paka.

Mama yeye hakukaa, akaanza chapati. Kilo mbili zikaisha, akaenda kilo nne, hapo mabega yakaanza kumuuma usiku tunamkanda na maji ya moto. Siku moja saa kumi alfajiri nasikia vishindo jikoni nikajua mama, kumbe kaka, kavua shati, mlango kautia komeo, pazia kalibana na vibanio vya nguo, anakanda unga kama anavuta wavu yaani bega zima linaenda. Mama kakaa kwenye kigoda anakunywa chai. Kaka akaniambia ukisema nje utanitambua. Mtu mzima wa miaka 30!

Ikawa ndo hivyo kila siku. Akisikia hodi ananawa chapchap anashika simu, unga umebaki kwenye ndevu. Wateja wanasema mama siku hizi chapati zako zinachambuka hadi raha, mama anajibu asanteni wanangu. Mi hapo ndo paliniuma, maana hao wateja wasingeacha kununua, wangenunua vizuri tu ila wangempa jina, na jina la Kibirizi halitoki. Kuna jirani alionekana anafua kanga za mkewe aliyejifungua, mtoto mwenyewe sa hivi yuko la tatu na baba bado anaitwa Dobi. Na mi nilikuwa namuita hivyo hivyo, siwadanganyi.

Agosti ziwa likafunguliwa, kaka akarudi majini usiku uleule. Haikupita wiki mteja mmoja akaivuta chapati kwa meno mpaka shingo ikasimama, akasema mama vipi tena, mbona ngumu?

Mama hata hakumwangalia, "unga wa siku hizi mwanangu, hauna maana."