Kichwa kinachouma wiki tatu, na waliokaa kuhesabu siku za dripu

Ukitaja utafiti wa UKIMWI watu wengi wanawaza chanjo, au zile habari za mgonjwa fulani kule Ulaya aliyewekewa uboho wa mtu mwingine akapona kabisa. Sawa, na mimi nazisoma kama nyie. Lakini mi ni nesi wa wodi ya medisini hapa Dar, na tafiti zilizobadilisha kazi yangu ni zile zinazouliza vitu vidogo ambavyo hata redioni havisomwi, hii dripu iende siku ngapi, ARV zianze leo au mwezi ujao, nani amfuate mgonjwa nyumbani kwake. Na ugonjwa ulionifanya nianze kuzifuatilia ni homa ya uti wa mgongo, ile ya fangasi.

Fangasi mwenyewe anaitwa kriptokokasi. Anakaa kwenye udongo, kwenye miti, kwenye kinyesi cha njiwa, wengi tunamvuta tu hewani na hatufanyi kitu. Sasa kinga ikiporomoka, CD4, yaani seli za kinga, zikawa chini ya 100 hivi, anatoka mapafuni anapanda kichwani, na hapo ndo shida inaanza maana hana haraka. Kichwa kinauma, mtu anameza panadoli, wiki inapita, anaambiwa malaria anapewa mseto, wiki nyingine taifodi, akianza kuongea vitu visivyoeleweka ndugu wanampeleka kwenye maombi au kwa mganga, anakuja kufika kwetu anaona watu wawili wawili au haoni kabisa. Makadirio ya mwaka 2020 yalisema dunia nzima waliugua watu 152,000 na wakafa 112,000, yaani karibu kifo kimoja kati ya vitano vya UKIMWI, na wengi wao ni huku kwetu kusini mwa Sahara. Halafu uliza mtaani kama kuna anayeujua huu ugonjwa!

Miaka mingi huku dawa ilikuwa flukonazo peke yake, rahisi, vidonge, ipo. Na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanakufa ndani ya wiki 10. Wenzetu wenye hela walikuwa wanatumia amfoterisini B ya kwenye mshipa siku 14 pamoja na vidonge vya flusitosini. Sikia, amfoterisini ya zamani sio dawa ya mchezo, inaumiza figo, inashusha damu, inanyonya potasiamu, mishipa ya mkono inavimba hadi unatafuta pa kuchoma unakosa. Kabla ya dozi lazima umpitishie maji lita nzima yenye potasiamu, na vipimo vya figo kila baada ya siku chache. Sasa wewe fikiria sehemu ambayo mashine ya maabara ipo ila rijenti, zile kemikali za kupimia, zimeisha, siku 14 utazifanyaje? Wengi hawafiki, ama figo zinagoma, ama ndugu wameishiwa hela wanaomba ruhusa.

Ndo wakaja watu wa utafiti wa ACTA. Ulifanyika Malawi, Zambia, Kameruni na hapa hapa Tanzania, kuanzia 2013 mpaka 2016, wagonjwa 721, na majibu yalitoka 2018. Swali lao lilikuwa la kinesi kabisa: je tukifanya siku 7 badala ya 14? Na je tukiacha dripu tukatumia vidonge tu, flukonazo na flusitosini? Jibu, siku 7 za amfoterisini pamoja na flusitosini ndo zilikuwa bora kuliko zote, waliokufa ndani ya wiki 10 walikuwa 24%, wakati wale wa siku 14 kwa jumla walikuwa karibu 40%. Na vidonge vitupu 35%, ambayo bado ni wengi lakini ukilinganisha na flukonazo peke yake ni mbali sana. Kingine, ukimuwekea mtu amfoterisini na flukonazo badala ya flusitosini, vifo vinapanda kutoka 31% hadi 45%. Kumbe kidonge kilichokuwa kinakosekana ndo kilikuwa kinabeba kazi.

Hawakuishia hapo. Utafiti wa AMBITION, Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, majibu 2022, walichukua amfoterisini ya liposomu, hii imefungwa kwenye vijimafuta vidogo sana haisumbui figo kihivyo, wakampa mgonjwa dozi kubwa MARA MOJA tu halafu vidonge wiki mbili. Wagonjwa 814 kwenye hesabu. Vifo 24.8% kwa dozi moja na 28.7% kwa wale wa siku 7, na madhara makali yalikuwa machache zaidi kwa wa dozi moja. Mwezi wa nne mwaka huo huo WHO wakaipitisha. Mi nilisoma ile karatasi nikiwa shifti ya usiku nikacheka mwenyewe, dozi moja! Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, hivyo ni vichupa 12, na kwa ile bei nafuu waliyotangaza Gilead, kampuni inayoitengeneza, 2018 ya dola 16.25 kwa kichupa unapata dola 195. Mgonjwa wa kwetu hana hiyo hela, hapo ni serikali au mfadhili.

Ila kuna kitu hakuna dawa inayokitatua, nacho ni kutoa maji ya mgongo, LP tunavyoita wodini. Fangasi wanaziba njia ya yale maji kutoka, presha kichwani inapanda, ndo kichwa kinataka kupasuka na macho yanakufa. Inabidi yapunguzwe, na sio mara moja. Ndugu ukiwaambia wanakataa. "Sista, mkimchoma huko mgongoni tunamzika," niliambiwa na shangazi wa mgonjwa mmoja, na hakuwa mjinga, alishaona jirani yake kachomwa kafa. Tatizo ni kwamba kwa sababu watu wanaogopa wanakubali siku ya mwisho, mgonjwa keshazimia, sindano inaingia leo kesho anafariki, basi mtaa mzima unajua sindano ndo imeua. Mimi huwa namwambia, shangazi, pale tunapochoma ni chini kabisa, uti wenyewe umeishia juu yake, na kichwa kitapungua leo leo. Wengine wakiona mgonjwa kaomba uji jioni wanakuwa ndo wahubiri wetu kwa vitanda vya jirani. Kuna data pia, wale wa utafiti wa COAT waliotolewa maji ya kupunguza presha siku za mwanzo, hatari ya kufa ilikuwa imepungua kwa 69%. Kifaa cha kupimia presha hakipo? Mrija wa dripu na rula vinafanya kazi, usinitazame hivyo, vinafanya kazi.

COAT wenyewe, Uganda na Afrika Kusini, 2014, uliuliza swali ambalo kila mtu alidhani analijua: mgonjwa huyu aanze ARV lini? Ungesema haraka. Walioanza wiki ya kwanza au ya pili walikufa 45% ndani ya wiki 26, waliosubiri wiki kama tano 30%. Kinga ikirudi ghafla kichwa kimejaa fangasi inawasha moto mwingine. Na kuna tafiti zilizoshindwa, deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, ikaonekana inadhuru wakasimamisha, setralini ya msongo wa mawazo ikajaribiwa Uganda ikaonekana haisaidii kitu. Hizo nazo mi naziheshimu sana, maana bila hizo tungekuwa tunawapa watu deksamethasoni mpaka leo kwa roho safi kabisa.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote lakini hauna hata dawa mpya. REMSTART, Dar es Salaam na Lusaka, mtafiti wetu Sayoki Mfinanga ndo jina la kwanza kwenye karatasi, jarida la Lancet 2015. Watu 1,999 wanaoanza ARV na CD4 chini ya 200. Nusu yao walipimwa CrAg, kipimo cha damu cha dakika 10 kinachomuona huyu fangasi kabla hata kichwa hakijauma, na mtu wa kawaida tu aliyepewa mafunzo na posho akawa anawatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Baada ya mwaka walikuwa wamekufa 13%, ile nusu nyingine 18%. Vifo vimepungua kwa 28%, kwa kipimo cha kijiti na mtu wa kubisha hodi!

Sasa hivi kinachonikera ni kwamba tangu 2015 ilipoamuliwa kila mwenye VVU aanze dawa papo hapo, kupima CD4 kukalegezwa sehemu nyingi, na bila CD4 huyo wa kupimwa CrAg utamjuaje? Wengi ninaowapokea sio wapya, ni watu walioacha dawa, kahama kikazi, kagombana na mwenza, kaona aibu kurudi CTC, kliniki ya dawa za VVU, anarudi kwa mlango wa dharura. Kama una ndugu wa hivyo na kichwa kinamuuma, nendeni mkaombe hivyo vipimo kwa jina.

Na flusitosini ni mara nne kwa siku, saa sita usiku namwamsha mtu, asiyejitambua nasaga napitisha kwenye mpira wa puani. DNDi, shirika la kutafiti dawa, na wenzao wanatengeneza ya kumeza mara mbili tu. Kama kuna mdau keshaishika aniandikie hapo chini, nataka kujua inapitaje kwenye mpira.