Tovuti Mbili kwa Jina Moja

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni Pangani, karibu na pale mto unapoingia baharini. Wageni wake wengi humpata kwa barua pepe. Mwaka 2022, msimu wa Juni ukikaribia, aliamua kubadilisha tovuti. Ile ya zamani ilitengenezwa na fundi ambaye alikuwa hapokei tena simu, na bei zilizokuwamo zilikuwa za kabla ya korona. Mimi nikiwa Dar nikamtengenezea mpya kwenye mojawapo ya haya majukwaa ya kutengenezea tovuti, ya kulipia kwa mwezi. Ikabaki kuiunganisha na domeni yake ya .co.tz, jina la tovuti yake mtandaoni, ile iliyochapwa kwenye kadi zake na kwenye kibao cha barabarani.

Namsifu Shangazi kwa jambo moja: domeni ilikuwa kwa jina lake, na neno la siri liliandikwa nyuma ya daftari lake la mahesabu. Biashara nyingi hukwama kwa sababu domeni iliandikishwa kwa jina la fundi, na fundi akihama, jina la biashara linahama naye. Alinisomea lile neno kwenye simu herufi moja moja, nikaingia.

Maelekezo ya jukwaa yalikuwa mafupi. Rekodi A ya domeni tupu, yaani bila www, ielekezwe kwenye anwani ya IP waliyotupa, ile namba ya seva yao. Www iwe CNAME, rekodi inayolielekeza jina kwenye jina jingine, hapa jina lao. Nilielewa kwa nini domeni tupu haikupewa CNAME: CNAME haikubali kukaa kwenye jina lenye rekodi nyingine, na pale juu ni lazima ziwepo SOA na NS, rekodi zinazotaja seva zinazoisimamia domeni. Kwa Shangazi ilikuwepo pia MX, inayoonyesha barua pepe ziende seva gani. Nikabadilisha hizo mbili, nyingine sikuzigusa.

Jioni tovuti mpya ikafunguka kwangu, ikafunguka kwa Shangazi kule Pangani, ikafunguka na kwa binamu yangu Tanga. Ila kwenye domeni tupu kivinjari kilikuwa kinaandika "Si salama". Cheti cha usalama cha www kilitoka mara moja. Cha domeni tupu kilibaki kwenye neno "inasubiri".

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja lile lile linalopewa kila mtu: subiri masaa 24 hadi 48, DNS (mfumo unaogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani za seva) inasambaa. Jibu hili linaniudhi mpaka leo, kwa sababu muda wa kusubiri haubahatishwi, umeandikwa. Tangu Paul Mockapetris alipobuni mfumo huu mwaka 1983, kila rekodi hutembea na TTL yake, idadi ya sekunde ambazo seva nyingine zinaruhusiwa kulitunza jibu kabla ya kuuliza upya. Rekodi A ya zamani ilikuwa na TTL ya 14400, yaani muda wa saa nne, na saa nne zilishapita. Nikaiuliza kwa dig, amri ya kuulizia rekodi za DNS, seva ya majina yenye mamlaka juu ya domeni: anwani ni mpya. Nikauliza seva za DNS za umma, 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare: mpya. Hapakuwa na kitu cha kusubiri.

Pendekezo lao la pili lilikuwa baya zaidi. Walitaka nihamishie seva za majina zote kwao, "ili kurahisisha". Kufanya hivyo ni kuliacha faili zima la rekodi lilipo na kuanza jingine, na kama MX haikunakiliwa huko, barua za wageni zinaanza kurudi kwa waliozituma, tena katikati ya msimu wa kuhifadhi vyumba. Nikakataa.

Kesho yake Shangazi akanipigia.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Hebu niambie, tovuti yangu ina bei ngapi?"

Mgeni mmoja wa Ujerumani alikuwa amemwandikia akitaka chumba cha Julai, akataja bei ya zamani. Shangazi alipomjibu kwa bei mpya, yule mama akamtumia picha ya kioo cha kompyuta yake. Nikaomba nitumiwe na mimi. Anwani juu ilikuwa ya Shangazi, herufi kwa herufi, na chini yake tovuti ya zamani nzima: picha ya mti wa mwembe uliokwisha kukatwa, simu ambayo haipo tena, na bei za zamani. Hosti ya zamani, kampuni iliyoihifadhi tovuti ile, ilikuwa imelipiwa hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo bado ilikuwa inahudumia kurasa zake kama kawaida. Shangazi alimpa yule mama chumba kwa bei aliyoiona, kwa maelezo kwamba mtu hawezi kudaiwa bei ambayo hakuonyeshwa.

Nilimwomba Shangazi amwandikie mgeni jambo dogo: ajaribu kuongeza www mbele ya jina. Jibu likarudi kwamba na www anaona tovuti mpya, bila www anaona ya zamani. Hapo nikajua kosa limekaa kwenye domeni tupu, na kwamba ni kitu ambacho mtandao wa Ujerumani unakiona na wetu haukioni.

Nikarudi kwenye dig, safari hii nikauliza AAAA badala ya A. Ikaja anwani ndefu yenye nukta pacha katikati, ya hosti ya zamani.

Rekodi A hubeba anwani ya IPv4, aina ya zamani. AAAA hubeba ya IPv6, aina mpya na ndefu zaidi, yenye biti 128. Kivinjari kilicho kwenye mtandao wenye IPv6 huuliza zote mbili, na kwa kawaida hutanguliza IPv6. Intaneti yangu ya Dar na bando la Shangazi vilikuwa vya IPv4 peke yake, ndiyo maana sote tuliona sawa. Ujerumani mitandao mingi ya majumbani ina IPv6, na yule mama alikuwa akipelekwa moja kwa moja kwenye ile rekodi iliyoachwa na fundi. Maelekezo ya jukwaa hayakuitaja popote.

Na cheti nacho kikaeleweka. Jukwaa lilikuwa linakiomba kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, na Let's Encrypt, kabla ya kutoa cheti, hufuata faili maalumu kwenye domeni ili kuthibitisha nani anaimiliki. Ikikuta AAAA, huanza na hiyo. Ilikuwa inabisha hodi kwenye seva ya zamani, ambako faili hilo halipo, inaondoka na jibu la 404, yaani halikupatikana.

Jukwaa jipya halikuwa na anwani ya IPv6 ya kutupa, kwa hiyo dawa ilikuwa kufuta. Nilinakili kwanza rekodi zote kwenye faili, nikaifuta AAAA, nikaiuliza tena seva yenye mamlaka mpaka ikajibu kwamba haina. Nikabonyeza kuomba cheti upya na kikatoka usiku ule ule. Kwa wale waliokuwa wametunziwa jibu la zamani ilibidi kungoja, maana TTL yake ilikuwa 86400, siku nzima. Huko ndiko kusubiri kwa haki, na Shangazi niliweza kumtajia saa kabisa.

Nikatuma barua pepe ya majaribio, ikafika. Kisha nikaandika orodha ya rekodi zake kwa Kiswahili cha kawaida, hii ni ya tovuti, hizi ni za barua, hii usiruhusu mtu aiguse bila kukuuliza, nikampelekea kwa WhatsApp. Akaichapisha kwenye duka la steshenari pale mjini, akaibandika ndani ya jalada la daftari la mahesabu, jirani na lile neno la siri. Nikamwambia neno la siri alihamishe.