Samaki wa Dr. No

Juzi baada ya Isha nilimwekea ami filamu ya Dr. No, ile ya jasusi James Bond, kwenye kompyuta. Tumekaa ukumbini kwetu Malindi, Unguja, feni inazunguka, kahawa imeshapoa. Ami ni mvuvi. Filamu za zamani alizizoea tangu enzi za majumba ya sinema ya Majestic na Cine Afrique, ila hii ya 1962 hakuwahi kuiona.

Ilipofika pale Bond anapokaribishwa pangoni kwa adui, Dr. No mwenyewe, ukuta mzima kioo na nyuma yake bahari, samaki wanapita wakubwa kama papa, ami akaruka: "Hao wadogo hao! Mtizame jicho, tizama na mapezi!"

Wala hakukosea. Filamu ilitengenezwa kwa kiasi cha dola milioni 1 tu, kwa hivyo walichukua picha za samaki zilizokwishapigwa. Kumbe zilipigwa kwa karibu mno, samaki wa kiganja wakatoka majitu. Basi adui akaandikiwa maneno ya kusema kwamba kioo ndicho kinachokuza. Hapo mimi nawapa heko. Na chumba cha yule mdudu buibui alichobuni Ken Adam, mbunifu wa mandhari ya filamu: kiti, meza, na tundu kubwa la duara darini linalomwaga kivuli cha nondo. Basi! Na mwili unasisimka.

Baadhi ya wahakiki waliipokea kwa shingo upande. Vatican iliilaani kwa ukatili na uchafu, jarida la Time likamdhihaki Bond. Bosley Crowther wa New York Times aliiona porojo, lakini alikiri kuwa inachangamsha. Mimi naona walipiga kelele pasipo mahali pake.

Kinachoniuma ni Quarrel. Huyu ni mvuvi wa Karibiani, ndiye mwenye mashua, ndiye anayempeleka Bond usiku hadi kisiwa cha adui. Bila yeye Bond hafiki. Halafu Bond huyo huyo anamwamrisha akamletee viatu vyake, kama anavyotumwa mtoto. Mwisho anaunguzwa na "joka", ambalo ni gari tu lililochorwa meno na kutiwa mtambo wa kurusha moto. Joka lenyewe dhaifu, lakini kifo kile si cha mchezo, na filamu inampita haraka mno.

Pale kwenye viatu ami alinyamaza. Baada ya samaki wale akamrudia Quarrel, akaniuliza: "Kwao nani kapeleka habari? Na ile mashua nani kairejesha?"

Nikaisimamisha filamu. Tukamzungumza Quarrel mpaka saa sita za usiku.