Kigurudumu cha seromu

Mwaka 2009 mama mdogo alilazwa hapa Goma, malaria kali na mimba ya miezi 6. Mimi, miaka 17, ndiye nikawa gadi-malade: kuchota maji, kuleta uji, kumwita docta chupa ikikaribia kuisha.

Siku hizo dawa ilikuwa bado kwinini, inachanganywa kwenye seromu (dripu) ya glukozi, kila baada ya saa 8, na kila chupa iende saa 4. Muuguzi alibandika plasta ubavuni mwa chupa, akaandika kwa kalamu saa ambazo dawa ifike kila alama: 14, 15, 16, 17, 18. Chupa ikiisha ndipo ningeruhusiwa kwenda, na nyumbani Ndosho ni mbali kwa mtu anayeogopa giza. Tone linaning'inia, kama linafikiri, ndipo linaanguka. Nikasukuma kigurudumu cha mrija, kile kinachoharakisha matone, kwa kidole gumba. Kidogo tu. Kisha tena.

Mama mdogo akasema masikio yanamlia kama nyenje. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka: "Kwinini hiyo, mama. Isipolia masikioni, haijaingia." Wodi nzima iliujua mlio ule, basi hakuna aliyehangaika. Akanyamaza. Nikafurahi kwamba amelala.

Nilipotaka kumfunika kikwembe, blauzi ilikuwa imelowa jasho na mkono baridi kabisa. Nikamwita. Akaniitikia kwa jina la babu, marehemu.

Muuguzi alipofika alifunga kigurudumu kabla hajasema neno, akamtoboa kidole. Kimashine cha sukari kikaonyesha 34, chini mno. Akachukua bomba la sindano lenye glukozi, akaisukuma mshipani polepole. Haukupita muda, mama mdogo akafumbua macho, akauliza mbona tumemzunguka.

Kisha muuguzi akatazama plasta. Ilikuwa saa tisa na nusu ya mchana, yaani 15:30. Dawa ilikuwa imeshuka chini ya alama ya 17.

"Nani amegusa hapa?"

Nikatazama ndala zangu. Jirani akasema labda mgonjwa amejigeuza. Muuguzi akashusha pumzi, akatueleza kwamba kwinini huamsha insulini mwilini, na mwenye mimba ndiye hushuka sukari upesi, hata dawa ikienda vizuri. Ni kweli tupu. Nikajificha humo humo.

Mtoto alizaliwa salama, sasa amenipita kimo. Mama mdogo humtania: "Wewe ndiye uliyenimalizia sukari, karibu uniue." Watu wanacheka mezani, nami naomba nipitishiwe sombe.