Bei ya mtu Mombasa

Ngome ya Yesu ilikuwa jela kwa miaka 63, kuanzia 1895 hadi 1958. Wageni ninaowatembeza wengi hawalijui hilo. Wanaingia na Wareno vichwani, na mizinga, na hamu ya kupiga picha pale ukutani panapotazama bahari. Mimi huwasimamisha kwanza uani, juani, nikawaambia kuwa hapo waliposimama walikaa wafungwa wa serikali ya Mwingereza, na kwamba Kibokoni wapo wazee ambao baba zao walilala humu ndani.

Kazi ya kutembeza watu Mji wa Kale nimeifanya tangu nimalize shule. Walionifunza walinipa milango ya nakshi, majahazi, kahawa chungu na biriani. Yote hayo nayapenda na nayasema kwa moyo mmoja. Lakini bandari hii ina daftari jingine, la damu na magendo na watu walionunuliwa, na kila nikilifungua nakutana na swali lile lile: nani alilipwa?

Tuanze na 1614. Sultani Hasan bin Ahmad alikosana na kapteni wa Wareno, akakimbilia bara. Watu wa huko walipewa nguo ili wamuue, wakamuulia Rabai, na kichwa chake kikapakiwa merikebuni kupelekwa Goa, makao yao kule India. Mauaji ya kukodi, tena yaliyopangwa na watu waliokuwa ndio sheria ya mji. Mwanawe Yusuf alilelewa huko huko Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala Mombasa kwa niaba yao. Mwaka 1631, mwezi wa Agosti, aliingia ngomeni na watu wake akamchoma kisu kapteni. Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Waliouawa ni pamoja na wanawake na watoto, na Waswahili waliokuwa wamebatizwa. Mwaka uliofuata Wareno walimzingira wakashindwa kumtoa, kisha akaondoka mwenyewe, akawa haramia wa baharini akivizia merikebu zao hadi alipokufa 1638. Mgeni akiniuliza kama Yusuf alikuwa shujaa au muuaji, namwambia aanze kuhesabu kwenye kile kichwa cha baba yake.

Karne ya 19 bei ya mtu ilijulikana wazi. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa 1873, masoko yakafungwa, na biashara ikahamia usiku. Ndiyo maana Frere Town, kijiji cha watu waliokombolewa, kilichoanzishwa ng'ambo ya pili 1875, kilikuwa na kengele ya kuwaonya watu wezi wa watumwa wakija. Kengele ipo mpaka leo, na matatu za Kisauni zinapita Kengeleni. Abiria analitaja jina kila siku bila kuwaza lilikotoka. Mwaka 1888 waliotoroka utumwani walikuwa wamejificha misheni ya Rabai, na mabwana zao wakawa wanatisha kuja kuwachukua kwa nguvu. George Mackenzie, mkubwa wa kampuni ya Waingereza, akaamua kuwalipia, watu zaidi ya 1,400, dola 25 kwa kila kichwa. Pesa zikaenda kwa mabwana. Aliyelima, aliyepigwa, aliyeuzwa, yeye alipewa cheti. Nawapongeza waliopata uhuru siku ile, lakini sijawahi kuizoea hesabu hiyo.

Na sasa nifike ninapotaka kufika.

Shangazi yangu alikuwa msusi Majengo miaka ya sabini na themanini. Wateja wake wengi walikuwa wasichana wa mabaa ya Barabara ya Kilindini, ambayo leo ni Moi Avenue, kuanzia pale Mapembeni. Habari ya manowari kutia nanga ilimfikia kabla ya magazeti, kwa sababu siku mbili kabla kibanda kilijaa. "Mwanangu," huniambia, "manowari ikiingia, hata mama wa maandazi alikuwa akiuza mara tatu." Teksi zilipanda bei, vyumba vilipanda bei, bia zilipanda bei. Yeye pia alipandisha, shilingi mbili juu ya kila kichwa, na wasichana walilipa bila kuteta kwa kuwa walijua Mmarekani atalipa. Wengi walikuwa wametoka bara, wameacha watoto kwa mama zao, na mwisho wa mwezi walimpa shangazi pesa awatumie kwa posta kwa kuwa alijua kujaza fomu.

Kenya na Marekani zilitiliana saini makubaliano mwaka 1980, manowari zao zitumie bandari yetu. Agosti mwaka huo huo, baharia wa miaka 19 aitwaye Frank Sundstrom, wa manowari La Salle, alilala kwa Monica Njeri. Monica alikuwa na miaka 29 na watoto wawili. Baharia alitaka kuondoka na pesa, zile alizomlipa Monica na za Monica mwenyewe pia. Monica aliamka. Baharia akamuua kwa chupa ya bia iliyovunjika.

Kesi ilisikizwa hapa hapa Mombasa. Kijana alikiri kuua bila kukusudia. Jaji, Mwingereza aliyekuwa bado anatumikia mahakama zetu miaka 17 baada ya uhuru, alimwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na sharti la kukaa vizuri miaka 2. Hata hizo 500 angezitoa tu kama angevunja sharti. Akapanda chombo, akaenda zake kwao.

Watu waliwaka, bungeni na magazetini. Shangazi anasema siku hukumu ilipotangazwa alifunga kibanda, si kwa mgomo, bali wasichana walikuja wakakaa tu, hakuna aliyetaka kusukwa. Mmoja wao alikuwa akirudia neno moja: mia tano, mia tano. Meli iliyofuata walirudi kazini, maana watoto bara walikuwa wanangoja. Na mji ambao ulikula pesa zao, kuanzia mwenye teksi hadi mwenye nyumba, uliendelea kuwaita malaya.

Mombasa ina kumbukumbu za watu wengi. Monica Njeri sijaona alipoandikwa hata kwa chaki.

Unga, yaani dawa za kulevya, ulikuja na tabia ile ile ya hesabu. Mwaka 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani yetu na kilo 1,032 za heroini. Agosti mwaka huo serikali iliilipua baharini meli Al Noor na kilo zaidi ya 370, Rais Uhuru Kenyatta akitazama. Kilo tulizijua zote. Mateja, waraibu wa unga, wa maskani za Mji wa Kale hatukuambiwa idadi yao kwa sauti ile.

Binamu yangu alianza na brauni, heroini ya kahawia, miaka ya tisini, ya kuvuta, kisha ikaja nyeupe, ya kujidunga. Alikuwa kuli Kilindini, mtu wa kubeba gunia bila kupumzika. Sasa kila asubuhi anakwenda kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu kuacha heroini. Anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha lazima aseme neno ionekane amemeza. Yeye husema "asante dada," na muuguzi hujibu kwa jina lake kamili. Aliniambia kuna miaka hakuna mtu aliyelitaja jina lile, aliitwa teja tu, hata na sisi nyumbani.

Wenzangu kazini wamenishauri niache habari hizi, ati nitaharibu biashara. Sijaacha. Nikitoka ngomeni na kundi nawapitisha Mapembeni, nawaonyesha zilipokuwa baa, naeleza kesi ya 1980 mwanzo mpaka mwisho. Kuna mabaharia wastaafu wa Kimarekani wamewahi kusikiliza, mmoja akavua kofia.

Nakusanya habari za wasichana wa enzi hizo: walikaa wapi, walilipa kodi kiasi gani, nani aliwazika walipokufa mbali na kwao. Kama ulikuwa Mombasa miaka hiyo, ukifanya kazi baa, teksi, bandarini au mahakamani, nitafute. Asubuhi huwa niko lango la Ngome, upande wa kivuli.