Ninavyohesabu viota vya pengwini wa Adélie

Katikati ya miaka ya 1970, visiwa vidogo vinavyokizunguka kituo cha Marekani cha Palmer, magharibi mwa Rasi ya Antaktika, vilikuwa na jozi 15,000 hivi za pengwini wa Adélie. Zaidi ya asilimia 80 wameshatoweka. Tunalijua hilo kwa sababu waliotutangulia walihesabu kwa makini, nami kazi hii siichukulii kwa wepesi.

Kinachohesabiwa ni kiota chenye ndege anayeatamia. Nangoja kama wiki moja baada ya kilele cha utagaji, kwa kawaida nusu ya pili ya Novemba. Wakati huo majike wengi wamekwenda baharini kula, madume wamebaki na mayai, kwa hiyo ndege mmoja ni kiota kimoja. Ukiwahi, utakuta wawili wawili pamoja na wazururaji wasio na mayai. Ukichelewa, waliopoteza mayai wamekwishaondoka, na idadi itakuwa pungufu.

Naligawa koloni, yaani eneo la viota vilivyokusanyika pamoja, kwa kufuata miamba, na palipo wazi natandaza kamba kando yake kabla ndege hawajaanza kutaga. Nasimama mahali palipoinuka, mita kadhaa kutoka kiota cha kwanza, na darubini, kihesabio cha kubonyeza kwa kidole gumba, na penseli, maana wino huganda. Usisogee zaidi. Pengwini akishtuka na kunyanyuka, skua, ndege wa baharini mwizi wa mayai, hulidokoa yai mara moja.

Anayenitatiza ni ndege aliyelala kifudifudi bila kiota. Natazama kokoto: mwenye mayai amezungukwa na duara la kokoto, na mkia wake umezungukwa na michirizi ya kinyesi chenye rangi ya waridi kwa sababu ya krili, viumbe wadogo kama uduvi anaowala. Nikiwa bado na shaka, nasubiri anyanyuke kugeuza mayai.

Kila sehemu inahesabiwa mara tatu, na mwenzangu hanitajii idadi yake mpaka tumalize. Tuseme tumepata 405, 412 na 463: ya tatu imepishana na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo tunarudia. Wastani peke yake ungelificha kosa.

Pia napima kina cha theluji, hasa upande inakorundikana kwa upepo. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi, theluji huanguka kwa wingi, kisha ikiyeyuka maji hujaa viotani na mayai hupoa yakafa. Kisiwa cha Litchfield, kimoja cha visiwa hivi, kilibaki bila Adélie hata mmoja mwaka 2007. Barafu ya bahari nayo inapungua, na Adélie huitegemea. Pengwini wa gentoo, mwenye mdomo wa chungwa na baka jeupe juu ya jicho, haihitaji sana, na tangu miaka ya 1990 amehamia visiwa hivi hivi. Yeye namwandikia safu yake, kwa sababu ukijumlisha spishi mbili, ongezeko la mmoja litafunika upungufu wa mwingine.